Hatua Mia za Elieza

Jumatatu, 4 Machi 1996

Ko. Halafu kimya kidogo, halafu wayo unaburutwa kwenye majani makavu. Halafu ko tena. Hiyo ndiyo sauti niliyobaki nayo. Niliisikia Desemba nikiwa jikoni kwa mama, Kikwe, nikichambua maharage. Baba alikuwa malishoni nyuma ya migomba, mkongojo wake ukigonga mawe. Kila baada ya ko alihesabu, lakini hesabu sikuisikia. Nilisikia mti tu. Alifariki tarehe kumi na tatu Januari, na sauti zake nyingine zimeanza kunipotea: kicheko, kikohozi, jinsi alivyoniita akiwa bado njiani. Ile ya mkongojo haipotei. Ningependa ipotee yenyewe, zibaki zile nyingine.

Leo nimeanza kazi mjini, Kijenge. Ofisi ni chumba kimoja juu ya duka la vipuri, ina kompyuta moja, na mwenye kuijua ni mmoja, kaka Rodrick, Mchaga wa Machame, mcheshi, mwenye mikono safi kama ya daktari. Kazi ni ramani za nyumba. Siku hizi kila aliyefungua biashara anataka ghorofa, na anataka liwe limechorwa na kompyuta, hata kama fundi wake atalijenga kwa macho.

"Umesoma kuchora chuoni, sivyo?" aliniuliza.

"Miaka mitatu. Kwa mkono."

"Basi anza kusahau. Kwa mkono unaanza na skeli, unaipunguza nyumba itoshe karatasini. Hapa skeli inakuja mwisho, ni mambo ya karatasi. Humu ndani nyumba ni kubwa kama ilivyo. Ukuta wa mita nne ni mita nne. Chora mstari wa urefu wa moja."

Nikachora.

"Huo una urefu gani?"

"Moja."

"Moja nini?"

Nikatazama kioo cha mashine. Hakikuwa kimeandika chochote.

"Umeona? Haijui. Mita, futi, shubiri ya bibi yako, kwake zote ni moja. Wewe ndiye unayejua moja ni nini. Hiyo ndiyo tunaita yuniti. Kabla hujagusa mstari wa kwanza, amua, andika, kaa nayo mpaka mwisho. Ukikosea hapo, dada, mashine haitakwambia. Itakuchorea uongo msafi kuliko ukweli wa mkono wangu."

Nimeyaandika maneno yake kama nilivyokuwa nikiandika darasani.

Jumanne, 5 Machi

Nimechora meza. Ilitoka ndefu kuliko ofisi. Rodrick alicheka mpaka akatoka nje.

Alhamisi, 7 Machi

Somo la leo. Mteja akileta mchoro wa mtu mwingine, na hujui aliyeuchora alitumia yuniti gani, ufanyeje? Nilisema nimuulize aliyeuchora.

"Kafa," Rodrick akasema, halafu akakumbuka msiba wangu, akashika mdomo. "Samahani, Anande. Tuseme kasafiri. Unatafuta kitu ambacho wewe mwenyewe unakijua. Tafuta mlango. Watu wote duniani wanapita kwenye mlango. Ukiupima mlango ukakuta mia tisa, basi ni milimita. Ukikuta sifuri nukta tisa, ni mita. Kwanza mlango, ndipo uamini kingine chochote."

Jumapili, 10 Machi

Nipo nyumbani. Mvua bado. Wingu limekaa kwenye mlima Meru tangu asubuhi na halishuki.

Mama amenipa daftari la baba. Watu wa maua, wale wanaolima maua ya kuuza nje na kukodi mashamba yaliyo karibu na mifereji, wamerudi tena. Wanataka malisho ya babu, na wanataka kila familia ilete ramani ya sehemu yake. Malisho hayo hayakuwahi kugawanywa. Babu aliyaacha hivyo, ng'ombe wa baba na wa baba mdogo Sadoki wakala pamoja miaka yote. Desemba, watu wa maua walipokuja mara ya kwanza, ndugu wawili waliingia humo peke yao. Baba alihesabu hatua kuanzia kwenye mti wa mringaringa ulio ukingoni mwa malisho, Sadoki akapanda masale, mimea yetu ya mpaka, pale baba alipoishia. Hakuwapo mtu wa tatu. Mwezi mmoja baadaye baba akafa.

Kwenye daftari, kwa penseli: *Malisho. Toka mringaringa hadi masale hatua 100. Sadoki toka masale hadi mfereji.* Chini yake: *Nyumba, urefu, hatua 15.* Mwandiko umelala kuliko ninavyoukumbuka.

"Utuchoree wewe," mama alisema. "Baba yako alikusomesha kwa ajili ya nini?"

Jioni baba mdogo Sadoki alileta maziwa, kama anavyofanya kila siku tangu mazishi. Nilimwamkia. Akashika kichwa changu badala ya mkono, kama nilipokuwa mtoto.

"Marahaba, mama. Nimesikia unapiga kompyuta. Sasa hata sisi tuna mtu mjini." Aliniambia amepata saruji, kabla ya Pasaka atalijengea kaburi la kaka yake. "Asilale kwenye tope masika yote."

Jumatano, 13 Machi

Mvua imeanza. Chumba changu kinavuja juu ya kitanda. Nimesogeza kitanda, panavuja pale kilipohamia.

Jumatatu, 18 Machi

Rodrick ameniachia mashine baada ya kazi. Nimechora malisho yetu.

Swali la kwanza: moja ni nini? Baba ameandika hatua. Sikufikiri hata dakika moja. Nilipokuwa darasa la nne, bwana shamba alikuja kupima mashamba ya mahindi, tepu yake ikakatika. Akamwita baba mbele ya watu, akampigisha hatua kumi, akapima kwa kipande kilichobaki, akasema, "Hatua ya Elieza ni mita kamili. Itumieni." Msimu ule kijiji kizima kilipimwa kwa miguu ya baba yangu. Mimi nilimfuata nyuma kwenye udongo laini, nikiruka kutoka unyayo hadi unyayo, na sikuweza kuufikia hata mmoja bila kuruka.

Nikaandika: yuniti, mita. Hatua moja, mita moja. Hatua mia, mita mia.

Mstari wa nyumba niliuacha. Nyumba haikodishwi.

Kwenye karatasi nimetoa kwa skeli ya moja kwa mia tano. Mringaringa upo kushoto, mfereji kulia, masale katikati. Nililiangalia jina la baba limechapwa kwa herufi za mashine nikalia huku kazi ikiendelea.

Jumamosi, 23 Machi

Nimekwenda na tepu ya ofisi kupima umbali wote hadi mfereji, ili nikamilishe ramani. Ni mita mia moja na ishirini na moja. Nikapima pia hadi kwenye masale, kwa kuhakikisha tu. Tepu ni ya mita thelathini. Niliilaza mara mbili, ikabaki sentimita sabini.

Sitini na sentimita sabini.

Nilirudia. Mvua ilikuwa inanyesha, nikadhani nimeteleza mahali. Sitini na sabini tena. Baba ameandika mia. Masale ni machanga, miche ya miezi mitatu, rahisi kung'oa na kupanda. Na mtu pekee aliyekuwapo siku ile analeta maziwa kila jioni na kunishika kichwa.

Leo alipokuja nilibaki chumbani. Mama aliniita mara mbili.

Jumapili, 24 Machi

Nimemwambia mama. Alimenya ndizi hadi ya mwisho. Kisha akauliza, "Una hakika na mashine yako?" Nikasema mashine haikosei. Maneno yale niliyasema mimi, siyo Rodrick.

Jumatano, 27 Machi

Silali. Nafikiria yale maziwa.

Jumapili, 31 Machi

Kikao cha ukoo kimefanyika sebuleni kwetu baada ya ibada. Nitaandika kila kitu ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba kilikuwa tofauti.

Aliyekiita ni mshili, mzee Philemoni, ndiye anayesimamia mambo ya ukoo wetu. Walikuja wazee sita. Mvua ilipiga bati hivi kwamba kila mtu alisema kwa sauti kubwa, hata neno la upole likatoka kama ugomvi. Mama alikaa karibu na mlango wa jikoni. Baba mdogo alikuja na koti lake la kanisani, akasalimia, akakaa. Hakujua kikao ni cha nini. Alidhani ni cha kaburi.

Niliitandaza ramani mezani. Wazee waliinama wakaiangalia kama inavyoangaliwa picha ya marehemu.

"Hii imechorwa na mkono wa mtu?" mmoja aliuliza.

"Na kompyuta, babu."

"Basi hiyo haina ndugu," akasema, na wengine wakaguna kukubali.

Nikasoma daftari. Nikasema masale yapo mita sitini wakati baba ameandika mia. Nikasema yamesogezwa. Sikutaja jina. Hapakuwa na haja.

Mzee Philemoni alimgeukia baba mdogo. "Sadoki, umesikia. Sema."

"Tuligawana nusu kwa nusu," alisema. "Kaka alihesabu, mimi nilishika miche. Aliposimama nikapanda."

"Mia siyo nusu ya mia na ishirini na moja," nikasema.

"Mwanangu, mimi sijui mia. Najua tulipanda wapi."

Hapo mzee Philemoni aliuliza swali ambalo nalikumbuka kila neno. "Hatua ya Elieza ilikuwa mita?"

"Babu, mlimwona akitembea. Nani hapa aliwahi kumfikia?"

Walicheka. Kicheko cha mapenzi. Mmoja akasema Elieza alipokwenda sokoni, wewe ulifika wakati yeye anarudi. Mwingine akakumbuka bwana shamba na tepu iliyokatika. Kwa dakika chache baba alikuwa chumbani pamoja nasi, mrefu, akipita juu ya mifereji bila kuruka. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilifurahi.

Baba mdogo peke yake hakucheka. Alifungua mdomo. "Kaka wakati ule…" Akanitazama, akawatazama wazee, akafunga. Akatazama mikono yake.

"Wakati ule nini?" mzee Philemoni aliuliza.

"Hapana. Sina neno."

"Huna neno, na unashtakiwa kusogeza masale ya marehemu? Unajua kwetu hilo ni jambo gani?"

"Najua." Alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Kama karatasi ya binti wa kaka yangu inasema nimemwibia kaka yangu, mimi siwezi kugombana na wote wawili."

Akatoka kwenye mvua. Mama hakuinua kichwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Jumatano, 3 Aprili

Rodrick ananiuliza kwa nini nimenyamaza. Nimesema meno.

Jumatatu ya Pasaka, 8 Aprili

Nipo nyumbani tangu Ijumaa Kuu. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Masale yameng'olewa na kupandwa upya, mita mia kutoka kwenye mringaringa. Ameyasogeza mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Amepima kwa kamba, nilipima na tepu nikakuta ni mia kamili. Upande wake pamebaki mita ishirini na moja, mahali pa kufunga ndama mmoja.

Kaburi limejengwa. Saruji bado ni mbichi, imefunikwa majani ya mgomba na kubanwa kwa mawe ili mvua isiitoboe. Pembeni amepanda masale, isale moja kila kona. Mama anasema alifanya kazi hiyo Alhamisi, peke yake, kuanzia alfajiri, hakukubali hata chai.

Na ameondoka. Amekwenda Oldonyo Sambu na ng'ombe wake wanne, kwa rafiki yake wa mnadani anayeitwa Lerionka. Mkewe, mama mdogo Agnela, nilikutana naye kanisani jana. Nilimwamkia. Akaniitikia vizuri, kwa adabu zote, akapita.

Leo jioni hakuna maziwa. Mama alipika chai ya rangi, tukainywa tukisikiliza mvua.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimechora choo cha nje.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Mto umechukua daraja la miti kule chini. Baba mdogo hajarudi.

Jumapili, 28 Aprili

Nilidhani ukishinda unapata usingizi. Mama anakwenda kila jioni kwenye kile kiti ambacho baba mdogo alikuwa anakalia akileta maziwa, anakifuta, hakikaliwi na mtu.

Watu wa maua wamesema watakuja Juni kusaini.

Jumanne, 7 Mei

Nataka kuandika polepole.

Mteja ameleta disketi. Ni ramani ya nyumba ambayo shemeji yake amemtumia kutoka Amerika. Nikaifungua, nikapima sebule: kumi na nane kwa kumi na sita.

"Kaka Rodrick, huyu mtu anajenga sebule ya mita kumi na nane?"

"Anafungua kanisa?" Akaja na kikombe chake cha chai. "Umepima mlango?"

"Bado."

"Mwezi wa tatu huu nakufundisha, msomi. Kwanza mlango!"

Nikaupima. Tatu.

"Tatu nini?" aliuliza, kama siku ile ya kwanza.

"Futi," nikasema. "Mlango wa futi tatu."

"Haya. Kumbe ni sebule ya watu." Akarudi kwenye meza yake, akanywa chai. Akasema bila kugeuka, "Umeona ulivyokuwa unamwonea mwenye nyumba?"

Mkono wangu ulibaki juu ya kipanya. *Nyumba, urefu, hatua 15.* Baba aliniachia mlango. Aliuandika kwa penseli chini ya mstari ule ule, na mimi nikasema nyumba haikodishwi.

Ko. Wayo unaburutwa. Ko.

Jumapili, 12 Mei

Jana nilifika Kikwe saa nane mchana. Mama alikuwa jikoni. Sikuingia. Nilitoa tepu nikapima nyumba yetu kwa nje, kutoka kona hadi kona. Mita tisa na sentimita kumi.

Nikagawa kwa kumi na tano, pale pale, kwenye kiganja. Sentimita sitini nukta sita saba. Zidisha kwa mia. Mita sitini na sentimita sitini na saba. Masale yalikuwa mita sitini na sentimita sabini. Tofauti ni upana wa vidole viwili.

Ningeweza kuishia hapo. Hesabu ilikuwa imekwisha. Lakini mkongojo ulikuwa bado umeegemezwa nyuma ya mlango wa mbele, pale alipouacha, nikauchukua. Nikasimama kwenye kona ya nyumba. Nikapeleka mkongojo mbele, nikauegemea, nikavuta mguu wa kushoto kama alivyouvuta tangu Novemba alipovunjika nyonga. Ko. Moja. Ko. Mbili. Ni hatua ndogo, ya mtoto. Ya saba iliniuma bega. Ya kumi na tano ikanifikisha kwenye kona ya pili, ncha ya kiatu ikagusa msingi.

Mlango wa jikoni ulifunguka kwa nguvu. Mama alitoka na mwiko mkononi, unga ukidondoka. Uso wake ulikuwa uso ambao sijauona tangu nikiwa mdogo, uso wa mke. Akaniona mimi. Akaona mkongojo. Uso ule ukaondoka.

"Nilidhani…" akasema.

Tulikaa kwenye kizingiti hadi ugali ukaungua. Nikamwonyesha hesabu. Nilipomaliza nikauliza, "Mama, ulijua?"

"Nilijua alikuwa na mkongojo. Na wewe ulijua. Hesabu ni yenu mliosoma."

"Lazima nimwambie mshili."

"Umwambie nini? Kwamba ulimwita baba yako mdogo mwizi mbele ya wazee sita, na mwizi hakuwepo?"

"Ndiyo."

"Na watu wa maua?"

"Wakodi ile nusu yetu tu."

Kisha akasema kwa sauti ndogo, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza, "Anande, mimi ni mjane. Kile kipande ndicho chakula changu nikishindwa jembe. Sadoki ameshaondoka. Hajadai. Nani anauliza?"

Usiku wa kuamkia leo nimelala chumba kimoja naye na sote tumejifanya tumelala.

Namlaumu? Simlaumu. Alisikiliza ko ile miezi miwili mfululizo, usiku na mchana, na mimi nilisikia likizo moja tu. Na wazee hawakuisikia kabisa. Tangu Novemba baba hakutoka nje ya migomba na malisho yake, hata kanisani hakwenda, asionekane. Wote sita walimpima kwa miguu ya zamani. Lakini mimi nilikuwa jikoni, nilimsikia. Nilikuwa na sauti yake masikioni na bado nikaandika mita. Nilikataa awe kilema hata kwenye mchoro.

Alhamisi, 16 Mei

Rodrick amenipa ruhusa ya kesho kutwa. Hakuuliza. Amesema tu, "Dada, ukimaliza, rudi."

Jumamosi, 18 Mei

Asubuhi nilikwenda kaburini nikakata isale kwenye kona ya kichwani. Sikukata jani peke yake, nilikata kichwa kizima na kipande cha shina, nikalifunga jani la juu fundo. Kwetu ukimwendea uliyemkosea na isale mkononi, hakufukuzi. Sijawahi kulibeba. Watu wanakuona nalo barabarani na wanajua.

Oldonyo Sambu ni upande wa pili wa mlima, mkavu, upepo, mvua yetu haifiki huko vizuri. Nilimkuta Lerionka kwanza, mzee mwembamba mwenye shuka jekundu na viatu vya matairi. Aliliona isale kabla ya kuniona mimi.

"Wewe ndiye binti wa karatasi," alisema.

"Ndiye mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Yupo kwa ng'ombe. Amekonda, usishtuke."

Amekonda. Amevaa lile koti la kanisani, limekuwa la kazi. Nilipiga magoti kwenye vumbi, nikalishika isale kwa mikono miwili, na yale niliyoyapanga njiani yote yakanitoka. Nilisema tu, "Baba mdogo, hatua yake ilikuwa sentimita sitini. Nimepima nyumba."

Alilipokea. Isale halikataliwi. Akanivuta mkono nisimame.

"Kwa nini hukusema? Ulianza kusema. Ungesema alikuwa na mkongojo, ningejua pale pale."

Ng'ombe mmoja alikuja akanusa isale, akamsukuma kwa kiwiko.

"Kufika hatua ya arobaini kaka yangu alikaa chini," alisema. "Alitokwa jasho kama mtu wa homa. Nikataka nimalize mimi. Akakataa. Akaniambia, 'Sadoki, geuka, usiniangalie.' Nikageuka. Hatua zote zilizobaki nilisikia tu, sikuona. Alipofika akaniita, 'Njoo upande.' Halafu akasema, 'Watu wasijue nimepima hivi.'" Akaligeuza isale mkononi. "Sasa wale wazee walikuwa wanacheka, wanamsifia miguu. Na wewe ulikuwa unacheka. Ningemtoa vipi kwenye ile miguu, mama? Niseme alikuwa anajikokota? Afadhali mimi niwe mwizi."

Nililia kwa sauti, mbele ya Lerionka na watoto wa boma.

"Nimekusamehe," akasema. "Siku ile ile nilikusamehe, ulikuwa unampenda. Usilie hivyo."

"Basi rudi nyumbani. Nitawaambia wote. Nitachora upya."

Alichukua panga la Lerionka, akaenda kwenye kona ya uzio wa miiba, akachimba. Ardhi ni ngumu kule, panga liligonga mawe. Akalipanda isale, akalikanyagia udongo pembeni, akamwomba mtoto maji. Isale la kaburi la kaka yake, kwenye kona ya boma lake jipya. Nilielewa kabla hajasema.

"Pale Kikwe," alisema, "kila nikipita, wazee wataona mtu wa masale. Hata ukiwaambia. Watasema, ndiyo, kumbe hakuiba. Lakini watakuwa wamesema jina langu na wizi kwa pumzi moja. Mimi ni mzee mno kwa hilo. Agnela atanifuata mvua zikiisha."

Alinisindikiza hadi barabarani. Alinishika kichwa.

Jumatatu, 20 Mei

Nimefungua faili la malisho. Yuniti: mita. Hatua moja: sifuri nukta sita sifuri saba. Kila kitu kilisogea kwa kubonyeza mara moja. Mashine haikuuliza kwa nini.

Jumatano, 22 Mei

Mvua zinaisha. Mlima umeonekana wote leo, hadi kileleni.

Jumapili ya Pentekoste, 26 Mei

Mama yupo kanisani. Nimesema ninaumwa. Naandika nikiwa na tope kwenye kucha.

Ijumaa jioni nilikwenda kwa mzee Philemoni. Nilimpa ramani mpya. Kwenye kona ya chini, mahali ambapo huandikwa skeli, nilikuwa nimechapa: *Moja kwa mia tano. Hatua 1 ni sentimita 60.7, zilihesabiwa na Elieza mwenyewe, Desemba 1995. Mgawanyo ni nusu kwa nusu.* Neno mkongojo sikuliandika. Hilo baba alimwomba ndugu yake, na ndugu yake amelilipia. Mzee aliniuliza hatua ya Elieza ilifupikaje. Nikamwambia nilikosea yuniti, kosa ni langu peke yangu, na ninaomba awasomee wale wazee sita leo baada ya ibada, mbele ya mama mdogo Agnela. Alinitazama muda mrefu. Nadhani alielewa. Alikunja karatasi akaiweka ndani ya Biblia yake.

Kwa hiyo sasa hivi, wakati naandika, huenda anasoma. Mama anasikia hapo hapo, pamoja na wengine. Sikumwambia. Nilijua angeniomba tena kwa ile sauti ndogo, na ningekubali.

Asubuhi, alipotoka tu, nilikwenda malishoni. Nilikuwa na jembe na mkongojo, tepu sikubeba. Nilianzia kwenye mringaringa nikahesabu kwa sauti. Arobaini nikapumzika, kwa sababu baba alipumzika. Mia ilinifikisha kwenye mstari wa mashimo ya Desemba. Masika yote hayakuyaziba, yalikuwa yamejaa maji na majani, moja baada ya jingine, hadi chini.

Nimeyang'oa masale yote kule kwenye mita mia. Nimeyapanda humo.